Nilichokifuata Kilimani

Kwetu mtu hapandi kilima bure. Anapanda kwa sababu ana mbuzi huko juu, au anakata kuni, au ametundika mzinga wa nyuki, au anatafuta mtandao wa simu. Mtu anayepanda mikono mitupu, akakaa juu ya jiwe akiangalia bonde, kisha akashuka kama alivyopanda, huyo ana lake jambo. Sikuwalaumu watu wa kile kitongoji cha upande wa Makuyuni walipoanza kunikodolea macho. Ningekuwa mimi, ningemfuata mtu huyo hadi mlangoni kwake.

Kushuku ndiyo kazi niliyoifanya karibu maisha yangu yote. Nilikuwa nakatisha tiketi za mabasi pale stendi ya Korogwe. Abiria alipokuwa bado anavuka barabara nilikwishajua kama anasafiri kweli au anawinda begi la mwenzake. Nilizijua noti bandia kwa kidole na machozi bandia kwa sikio. Mke wangu anasema hata mtoto wa jirani akiniamkia, nauliza kwanza ametumwa na nani. Anatia chumvi, lakini si nyingi.

Nilichokifuata kilimani kilikuwa kaburi la baba yangu. Nalisema mapema ili msomaji naye asianze kunishuku.

Baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Watu kama yeye waliitwa manamba. Walikaa kambini, wengine wakaoa na wengine hawakuoa, na wengi wao walikufa bila kurudi kwao. Yeye alimwoa mama, Mzigua wa Handeni aliyekuwa akipita kambini kuuza ndizi, akafa mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama akafunga mzigo wake, akarudi Handeni kwa kaka zake, na huko ndiko nilikokulia mikononi mwa wajomba. Baba nilimjua kwa habari tu. Hata picha hakuacha.

Mama alipokuwa kitandani, katika ugonjwa uliomchukua, alinishika mkono akaniambia, “Baba yako tulimlaza huko Makuyuni, chini ya kilima, upande wa mawio. Nilipokuwa nakaa pale kumlilia, jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima. Kamtafute. Mimi sikurudi, na wewe usipokwenda atakuwa hana mtu.” Maneno yale yaliniingia mahali pabaya. Nilimzika mama, nikapokea pole za watu, lakini kichwani nilikuwa na yule mwingine, aliyelala peke yake karibu na mji ninaoishi, mahali ambapo nimepita kwa basi mara nyingi nikiwa nimesinzia.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda tu kuuliza wenyeji. Anayeuliza hivyo hana shamba. Ile kambi ilishabomolewa, mkonge ulishaachwa ukawa kichaka, na kichaka kikagawiwa wanakijiji wakalima mahindi na mbaazi. Sasa aje mzee kutoka mjini, avue kofia, aseme, “Samahani, natafuta kaburi la baba yangu humu shambani mwenu.” Kwetu kaburi ni hati. Kwenye kesi ya ardhi, swali la kwanza linaloulizwa na baraza ni hili: wazee wako wamezikwa wapi? Mwenye kaburi ana mguu mmoja ndani ya shamba. Nilijua kwamba nikitamka neno kaburi, hakuna atakayenionyesha hata njia ya kwenda chooni.

Kwa hiyo nikatafuta sababu nyingine. Daktari alikwisha kuniambia nitembee kwa ajili ya sukari, na hilo lilikuwa kweli. Nikachukua chupa ya maji, kofia na kifuko cha dawa, nikapanda bodaboda hadi pale barabara kuu inapoachana na njia ya kitongoji, nikaingia kwa miguu.

Njia ya kilimani ilipita pembeni mwa shamba la mama mmoja, mjane, mkubwa kwangu kwa umri, mrefu, mwenye khanga iliyofungwa kifuani kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa anakusanya mabua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Unaenda wapi?”

“Juu kidogo. Naangalia bonde.”

Akanyoosha mgongo, akatazama kushoto, akatazama kulia. “Bonde si hili tumesimama? Liangalie hapa hapa.”

Nikamweleza habari za daktari na sukari. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, “Daktari wako kakutuma mpaka huku?” Kisha akarudi kwenye mabua yake, lakini nilipogeuka njiani nilimkuta bado amenigeukia.

Kilima chenyewe si kirefu. Milima ya Usambara iliyo jirani yake ingekuwa na haki ya kukicheka. Lakini mtu wa sukari na magoti ya stendi hupanda akipumzika, na nilipofika juu nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Nikakaa juu ya jiwe la kwanza nililoliona. Nikainua macho, na kwa muda nikasahau nilichokuja kutafuta.

Sikuwa nimewahi kuiona nchi yangu kwa namna hiyo. Mto Pangani ulikuwa ukijipinda ndani ya miti yake ya kijani, huku kila kitu kando kikiwa cha rangi ya majani makavu. Reli ilipita imenyooka, na malori barabarani yalikuwa yakitambaa bila sauti. Upande mmoja ilisimama Usambara na mawingu yake, na upande wa pili nyika ya Handeni iliendelea mpaka mwisho wa macho, na moshi wa watu wanaosafisha mashamba ukipanda hapa na pale. Nilifurahi kama mtoto. Niliona aibu kidogo pia, kwamba nimeishi hapa hadi mvi zimeota bila kujua kwamba naishi mahali pazuri.

Kisha nikaanza kazi. Chini, upande wa mawio, ungepita kwa miguu usingeona chochote ila mabua na vichaka. Kutoka juu niliona mambo mengine. Kulikuwa na mstari mnyoofu wa nyasi za rangi tofauti, na nikaelewa kwamba hapo ndipo ilipopita reli ndogo ya matoroli ya kubebea mkonge. Kando yake kulikuwa na mahali palipo na miembe michache iliyokaa kwa mpangilio wa kupandwa na mtu, si wa mbegu zilizodondoshwa na ndege. Hapo ndipo kambi ilipokuwa. Kaburi lilikuwa mahali fulani kati ya kambi na mguu wa kilima, na eneo hilo lote lilikuwa shamba la yule mama wa mabua na la jirani yake.

Nikawa naenda kila wiki. Nakaa, natazama, nalinganisha, nashuka. Safari ya tatu au ya nne nilikuta jiwe langu limeng'olewa, na chini yake pamechimbwa shimo la kumfika mtu kiunoni.

Nilisimama pale nikashika kiuno. Nani anang'oa jiwe kilimani? Nikahamia jiwe jingine. Wiki iliyofuata, hapo napo pamechimbwa. Nikahamia la tatu, nalo likawa vilevile. Ndipo nikapata picha. Huku kwetu kuna watu wanaoamini kwamba Mjerumani alipokimbia aliacha rupia zake zimefukiwa vilimani, na wapo wanaosikia habari za dhahabu ya Handeni wakadhani kila mchanga unaong'aa ni utajiri. Mzee wa mjini anayekaa juu ya jiwe moja na kukodolea chini, bila shaka ana ramani. Walikuwa wananiacha nipime, halafu wanakuja kuchimba.

Nikataka kuhakikisha. Siku moja nilichagua kwa makusudi mahali pabaya kuliko pote, penye siafu, nikakaa hapo nikijikuna na kuandika hewani kwa kidole kama mtu anayepiga hesabu. Niliporudi pamechimbwa. Aliyechimba lazima aliumwa hasa, na sikumwonea huruma.

Lakini mashimo yale yalinifanyia jambo baya pia. Nikaanza kujiuliza, kwa nini hawachoki? Mtu hachimbi shimo la nne kama matatu ya mwanzo yalikuwa matupu. Nikaanza kuwashuku wanaonishuku. Dereva wa bodaboda alipoacha kulalamika kuhusu nauli, nikajiuliza kapata nini. Mwenyekiti wa kitongoji aliponipita na buti zenye udongo mwekundu, nikautazama ule udongo. Na yule mama wa mabua, kila nikipita, alikuwa amesimama mahali palepale, kati ya njia na shamba lake, kama mtu anayezuia kuku wasiingie ndani. Nilijiambia kwamba mama huyu ndiye anayejua zaidi. Anajua nini, sikuweza kusema.

Siku moja nilipokuwa nashuka, mwenyekiti alinisubiri njiani na watu wengine wachache, tukaongozana hadi kwenye ofisi yao, chumba kimoja chenye benchi na meza iliyopungukiwa mguu. Yule mama naye alikuwepo. Salamu zilikuwa ndefu na za adabu sana, na kwa uzoefu wangu salamu za namna hiyo ni dalili mbaya.

“Mzee,” mwenyekiti akaanza, “kilima chetu kinaliwa na mashimo.”

“Nimeyaona. Sichimbi mimi.”

“Tunajua huchimbi. Wewe unapima. Tunaomba utuonyeshe mashine.”

Nikasema sina mashine. Akaomba kwa heshima kwamba nifungue kifuko. Nikafungua. Wakatoa ndizi, wakatoa vidonge, wakatoa kitambaa, kisha mwenyekiti akatoa kile kimashine changu cha kupimia sukari, chenye kioo kidogo, akakiinua juu ili wote waone. Chumba kizima kikaguna.

“Na hii?”

“Hiyo inapima sukari.”

“Iliyoko ardhini?”

Ilibidi nijichome kidole mbele yao, nikaweka tone la damu, kioo kikatoa namba. Wakasogea wote kuiangalia. Namba ilikuwa mbaya, na mmoja akanipa pole. Mwenyekiti aligeuza kile kimashine huku na huku, akanong'ona kama naweza kumpima na yeye, kwa sababu siku hizi anakojoa sana. Nikampima. Uhasama ukapungua, watu wakaanza kucheka, na nilidhani nimeokoka.

Yule mama hakucheka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi. “Sawa,” akasema, “hiyo ni sukari. Sasa kilimani unatafuta nini?”

Nilichoka. Nilikuwa na njaa, kidole kinauma, na nilikuwa nimesema uongo wa bonde kwa muda mrefu, ingawa kwa upande wangu bonde lenyewe halikuwa tena uongo. Nikasema, “Natafuta kaburi la baba yangu. Alikuwa manamba hapa. Alizikwa kati ya kambi na kilima.”

Kicheko kilikatika. Nimewahi kuona stendi nzima ikinyamaza basi linapoletwa limevutwa na lori, na ukimya ule ulikuwa wa aina hiyo. Ningesema natafuta dhahabu, wangeuliza mgawo wao. Kaburi lilikuwa habari nyingine.

“Hapa hakuna kaburi la mtu wa nje,” mwenyekiti akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu niliyempima sukari dakika chache zilizopita. “Na mashamba yalishagawiwa.”

“Sitaki shamba. Nina kiwanja changu Korogwe, kinanitosha.”

“Wote huanza hivyo,” akasema mtu mmoja nyuma yangu.

Nikaomba, nikaapa, haikusaidia. Lakini jambo moja nililibakiza mdomoni, kwa tabia yangu ya stendi ya kutotoa noti zote mfukoni. Mama yangu alikuwa amenieleza alama ya kaburi. Mwishoni baba alikuwa akisukuma matoroli, na siku ya kumzika wenzake walikata kipande cha ile reli ndogo wakakisimamisha kichwani pake. Hilo sikulisema. Nilijua atatokea mtu wa kuniuzia kaburi, na nilitaka niwe na la kumpimia.

Wiki iliyofuata nilikwenda tena, kwa ukaidi tu. Nikamkuta yule mama ananisubiri njiani. “Twende juu,” akasema. “Nitakuonyesha.”

Tulipanda polepole. Magoti yake yalikuwa mabovu kuliko yangu, na kila baada ya hatua chache alishika mti akahema. Sikumwamini hata kidogo. Juu alisimama kati ya mashimo, akanyoosha mkono. “Unauona ule mbuyu mdogo? Shuka nao mpaka kwenye mbaazi. Hapo kwenye mbaazi, katikati. Hapo ndipo penye kaburi la manamba.”

“Palikuwa na alama?”

“Msalaba wa mti. Uliliwa na mchwa.”

Nikashukuru kwa adabu. Tukashuka. Pale barabarani nikamuuliza dereva wa bodaboda, kama mtu asiyejali, shamba lile la mbaazi ni la nani. Akacheka mpaka akazima pikipiki. Lilikuwa la jirani wa yule mama, na walikuwa wameburutana hadi baraza la ardhi la kata kwa ajili ya mpaka. Mama alikuwa ametaka kumtupia jirani yake kaburi langu, ili mimi na jirani tushikane mashati naye apate usingizi.

Nilikasirika njia nzima hadi nyumbani. Nilimweleza mke wangu, akasema, “Basi acha, umekwishajua ni mwongo.” Lakini usiku ule hasira ilipotulia, hesabu nyingine ilianza. Mwongo wa kawaida angenielekeza kwa mkono akiwa amesimama chini. Mtu mwenye magoti kama yale hapandi kilima kizima ili kumdanganya mgeni, isipokuwa kama anataka macho ya mgeni yaende upande fulani. Na kama alitaka yaende kwenye mbaazi, yasiende wapi?

Masika yakaingia, njia ikawa matope, sikuweza kupanda. Nilikaa nyumbani nikisikiliza mvua, nikimfikiria mtu aliyelala chini yake. Niliumia. Sina neno zuri zaidi la kulisema.

Mvua zilipopungua nikaenda. Nilipita mapema kabla mama hajatoka nyumbani kwake, nikapanda nikiteleza, nikafika juu nikiwa na udongo hadi magotini. Bonde lilikuwa la kijani lote. Mahindi yalikuwa ya kimo cha goti, na mistari yake ilionekana wazi, imenyooka shamba kwa shamba. Nikatazama kwenye mbaazi za jirani kwa heshima tu. Kisha nikarudisha macho kwenye shamba la mama.

Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya wote. Ilitoka ukingoni, ikaja, ikaja, halafu karibu na katikati ikajitenga, ikapita pembeni mwa kipande kidogo kisichopandwa kitu, ikakutana tena upande wa pili na kuendelea na safari yake. Kipande chenyewe kilikuwa na urefu wa mtu aliyelala. Wakati wa kiangazi nilikuwa nimekitazama mara kadhaa bila kukiona, kwa sababu ndipo alipokuwa akirundika mabua.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka niko ndani ya mahindi, napita kwa ubavu nisiyavunje, na mama yuko mbele yangu na jembe lake mkononi, ametokea wapi sijui. Alitazama uso wangu. Nadhani nilikuwa nalia, maana alishusha lile jembe.

Kilikuwepo. Kipande cha chuma cha reli, kifupi, chenye kutu, kimesimama kichwani pa ardhi iliyopaliliwa vizuri kuliko shamba lenyewe. Mashamba yote ya huku wapita-njia wanaonunua chuma chakavu wameyasafisha, hata mabomba ya kanisa wameyang'oa, na chuma kile kimesimama.

Nikakaa chini. Nikasoma Fatiha, kwa kuwa ndiyo niliyofundishwa na wajomba, ingawa mama yangu aliwahi kuniambia kwamba baba alikuwa akisali Jumapili. Sikujua kama inamfaa. Yule mama alisubiri nimalize, akaitikia amina.

“Ulinidanganya,” nikamwambia.

“Nilikudanganya. Na wewe ulinidanganya. Bonde, bonde.”

“Kwa nini ulikuwa unalificha?”

Akaegemea jembe. Akasema walipogawiwa mashamba haya walikuta makaburi mawili. Moja lilikuwa kwa jirani upande wa pili wa njia. Wenyewe wakaja, watu wazuri, wanalia kama mimi. Wakaomba walijengee kwa saruji tu. Wakajenga. Mwaka mwingine wakaweka vigae. Kisha wakaleta uzio ili ng'ombe wasipite juu ya vigae, na baada ya uzio wakajenga kibanda cha kukaa wakija kuzuru. Leo yule jirani analima nusu ya alichokuwa akilima. “Mume wangu alitaka hili tulilime tu,” akasema. “Nikamwambia hapana, huyu naye ni mtoto wa mtu. Lakini sikumwambia mtu yeyote. Sasa wewe umekuja. Nina shamba hili moja. Wanangu wanakula hapa.”

Nilimtazama kwa macho yangu ya stendi, kwa mazoea, nikitafuta pale uongo ulipokaa. Naye alikuwa ananitazama vivyo hivyo. Tulikaa hivyo kwa muda, watu wazima wawili, kila mmoja akimpima mwenzake, na kati yetu kile chuma.

Mwanangu wa Dar es Salaam alikwisha kuahidi vigae vyeupe na maandishi. Tangu mama yangu afariki amekuwa akinipigia simu kuuliza kama nimempata babu yake, ili aje na fundi. Nilijua kwamba nikikubali atakachotaka mama huyu, mwanangu itabidi nimwambie sijaona kitu, na nitamwambia hivyo mpaka nife.

“Unataka nini?” nikamuuliza.

“Huleti saruji. Huleti watoto. Hutaji mahali hapa kwa mtu. Wewe mwenyewe njoo utakapo, upite kwa mlango wangu.”

“Na nikifa?”

“Nikiwahi mimi, binti yangu analijua. Ukiwahi wewe, sisi tutaendelea kupalilia.”

Nikaufikiria ule urefu wa miaka ambao mtu asiye ndugu alikuwa amepinda mistari ya mahindi yake, msimu baada ya msimu, kwa ajili ya mtu ambaye mimi mwenyewe, damu yake, nilikuwa nampita kwa basi. Nikasema nakubali. Hakunishika mkono, wala hakuniapisha. Alinipa jembe.

“Basi palilia,” akasema. “Huku kwenye miguu nyasi zimeanza kurudi.”

Nikapalilia. Mwanzoni alisimama kunisimamia, akaniambia nisipige karibu na mahindi, kisha akachuchumaa upande wa pili akawa anang'oa kwa mkono. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Baadaye akapangusa mikono kwenye khanga, akauliza bila kunitazama, “Alikuwa anaitwa nani? Miaka yote namwita mgeni tu.”

Nikamtajia. Akalirudia jina lile taratibu, akauliza kama amelitamka sawa, nikamwambia sijui, mimi pia nimelisikia kwa mama tu. Tukaendelea kung'oa nyasi.